Vitanda vya Kuazima

Miaka ile ya kwanza ya uhuru nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kakamega, na nje ya saa za kazi nilikuwa mwandishi wa gazeti moja la Nairobi. Mwandishi ni neno kubwa. Nilichapa habari kwa taipureta ya shule, nikatia kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi la asubuhi, na baada ya siku nne au tano nikaliona jina langu kwa herufi ndogo. Siku hizo nilipita mjini polepole ili watu wapate nafasi ya kunisalimu.

Mbunge wetu alikuja kufungua zahanati ng'ambo ya Malava, ambayo wanakijiji walikuwa wameijenga kwa mikono yao. Alituzungusha wodini, akatuonyesha vitanda kumi na viwili vyenye shuka nyeupe, akasema serikali haikuwasahau. Niliinama kuokota kalamu iliyoniponyoka, nikaona kwenye mguu wa kitanda herufi nyekundu za shule ya bweni iliyokuwa jirani. Nilijua palepale kwamba vitanda vimeazimwa, na sikushtuka hata kidogo. Kwetu mgeni akija unaazima viti kwa jirani, unaazima vikombe, hata jogoo wa kuchinja unaweza kuazima, na hakuna anayekuita mwongo. Ni heshima. Nikaona mbunge naye amewaheshimu wageni wake. Nikaandika kwamba zahanati ina vitanda kumi na viwili na mkunga anayelala hapo hapo, kama alivyotuambia.

Dada yangu mdogo alikuwa ameolewa karibu na zahanati hiyo, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Tulikuwa tumepanga aje akae kwangu mwezi wa mwisho, awe karibu na hospitali kubwa. Mume wake, mtu mpole anayeheshimu sana maandishi, akamsomea gazeti na kumwonyesha jina langu. Wakaona hakuna haja ya safari. Walinitumia hata salamu za shukrani.

Uchungu ulipomshika walimbeba hadi zahanati, mchana kweupe. Wodi ilikuwa tupu. Mlinzi alikuwa ameanika mahindi yake sakafuni, akaanza kuyasukuma pembeni kwa mguu ili wapate pa kumlaza. Hakukuwa na mkunga. Walipopata lori la mbao linaloelekea mjini saa nyingi zilikuwa zimepita. Mtoto alizaliwa njiani, akafa kabla hawajafika. Alikuwa msichana.

Kwenye mazishi nilisimama na wengine na sikuhisi kitu. Watu hudhani nililia. Sikulia. Nilikula obusuma, ugali wa kwetu, niliopewa, nikajibu salamu, na Jumatatu nikarudi darasani kufundisha hesabu za kugawanya. Moyo wangu ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: uko, lakini si wako.

Nikaanza kuulizauliza. Sikusukumwa na hasira, hasira ningeifurahia. Nilikwenda kwenye shule ile ya bweni, na mwalimu mkuu akanifungulia daftari la vifaa. Vitanda vilitoka Ijumaa, vikarudi Jumatatu, na karani wa mbunge aliweka sahihi mara zote mbili. Wanafunzi walilala chini siku tatu. Mlinzi wa zahanati aliniambia hajawahi kumwona mkunga hata siku moja. Nilinakili yote.

Mhariri akataka pia maneno ya mtu aliyeumia. Basi nikamwendea dada yangu na kalamu mkononi. Nilimuuliza walifika saa ngapi, nani alifungua mlango, walikuta nini ndani. Alijibu kila swali, polepole, ili niwahi kuandika. Yeye hakuniuliza lolote. Ningependa anitukane.

Habari ilitoka ukurasa wa kwanza. Wiki hiyo hiyo mbunge akaitisha mkutano sokoni Malava, nami nikaenda. Alipanda jukwaani akiwa na magazeti mawili, akayainua moja baada ya jingine.

"Hili ameandika mwalimu yule pale," alisema. "Na hili ameandika yeye yule yule. Mwulizeni alidanganya lini."

Watu wakanigeukia. Niliogopa kufutwa kazi, hilo sifichi. Lakini nilijua pia kwamba nikinyamaza habari imekufa, na ile wodi itabaki ya kuanikia mahindi.

"Nilidanganya mara ya kwanza," nikasema. "Niliona herufi za shule, nikanyamaza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja aliyeketi karibu na jukwaa akamuuliza mbunge, kwa sauti ya kawaida kabisa, basi vile vitanda vya serikali viko wapi. Mbunge akajibu kwa maneno mengi. Mama akauliza tena. Mara ya tatu aliuliza na wengine wakauliza pamoja naye, na mkutano ukaishia hapo.

Kabla ya mvua kubwa vitanda vililetwa, na mkunga akaja na masanduku yake. Mhariri aliniandikia barua ya kunipongeza na nyingine ya kunikaripia, zikafika siku moja. Uchaguzi ulipokuja, mbunge hakurudi bungeni. Wako wanaosema ni mimi niliyemwangusha. Sibishani nao.

Dada yangu aliposhika mimba tena, alikuja kwangu miezi miwili kabla ya wakati. Nilimwambia hana haja ya kukaa mbali na mume wake muda wote huo. Nilikuwa zahanati juma lililopita, nikamwambia. Nimeinama chini ya kila kitanda, nimezungumza na mkunga mwenyewe, nimeona akizalisha. Yote yalikuwa kweli. Sijawahi kutaka kuaminiwa na mtu kama nilivyotaka siku ile. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Unaandikanga vizuri, ndugu yangu," akasema. "Lakini huyu nitamzalia hapa."