Siku Niliyokuwa Sinki

Jumamosi niliingia duka la hadiwea hapa mtaani Pipeline, Nairobi, kununua mfereji wa kufungulia maji. Nikakuta mama mmoja mwenye ploti ya nyumba za kupangisha amechora bafu sakafuni kwa chaki, na fundi wake amechuchumaa ndani ya mchoro.

"Huyu ni choo," mama akaniambia, akimwelekezea fundi kidole. "Hebu nisaidie, baba. Simama hapo kwa kona uwe sinki."

Nikasimama. Akanikunja viwiko, akanipa sabuni nishike. Mwenye duka naye akaitwa awe mlango. Alipojaribu kufungukia ndani, alimgonga choo kichwani.

"Fungukia nje!" mama akaamuru.

"Nje ni korido, mama," fundi akalalamika kutoka chini. "Kuna watu wanapita."

"Watapita wakijibana na ukuta."

Shawa ilikuwa bado. Mama mwenyewe akasogea, akainua mkono juu ya kichwa cha fundi, akatikisa vidole kama maji yanayomwagika. Tukabanana hapo, pua kwa pua.

"Mnaona?" akasema kwa furaha. "Vyote vimetoshea!"

Nikauliza, kwa heshima zote, "Na mtu wa kuoga, mama, atasimama wapi?"

Tukaangalia chini. Hapakuwa na pa kuweka hata ndala. Mama akanikazia macho.

"Sinki, nyamaza. Huyo atazoea."

Jioni nilioga kwangu, mguu mmoja juu ya choo na kiwiko mlangoni, nikajiuliza ni nani alikuwa sinki siku bafu langu lilipopangwa. Bila shaka naye aliambiwa anyamaze.