Muguka wa Roketi

Ndugu yangu Mutegi alinipigia simu kuniambia chuma kinachonuka kimeanguka kutoka angani katikati ya shamba lake la muguka, yale majani ya kutafuna ili kuchangamka. Wakati huo wateja wake walikuwa tayari wanatafuna majani yaliyokizunguka.

Wanatafuna.

Yaani kitu kimetoka juu, hakijulikani, kinanuka, na mtu mzima anachuma jani la pembeni yake na kulitia mdomoni. Nilitema mate nikiwa bado kwenye simu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea milango pale Majimbo, mjini Embu. Shule niliacha mapema. Lakini habari za anga hazinipiti. Roketi ikirushwa, niko kwenye simu naangalia. Chombo kikitua mwezini, nawaambia watu hata kama hawajauliza. Nyumbani kwetu Gachoka wananiita Profesa, na si kwa heshima.

Nikapanda pikipiki, nikaenda.

Chuma kilikuwa cha mviringo kama sufuria ya harusi, kimeungua upande mmoja, kimelala shimoni. Harufu ilikuwa ya kukwaruza koo. Vijana walikuwa wameketi kando, mashavu yamevimba kama wenye majipu ya meno, midomo ya kijani, wanatema ovyo hadi karibu na viatu vyangu.

Mmoja wao alikuwa Lennox, mwanangu, anayeendesha bodaboda hapo Gachoka.

"Lennox, tema hiyo kitu."

"Buda, tulia. Hii ina handas, stimu ya mbinguni."

Wenzake wakacheka, ute wa kijani ukiwachuruzika hadi kidevuni. Nikaangalia pembeni.

Mutegi alinishika bega. "Profesa, waambie watu hii ni nini."

Nikawaambia. Tangi la mafuta ya roketi. Roketi ikimaliza kazi, vipande vyake hurudi chini, na vingine hufika bila kuisha kwa moto. Mafuta yake ni sumu, na hiyo harufu ndiyo hiyo. Msitafune.

Nilidhani nimewaokoa.

"Mmesikia?" Mutegi akapaza sauti. "Si harufu mbaya. Ni mafuta ya roketi."

Kesho yake watu walikuwa wanakuja kutoka mbali kama Kiambere kutafuta muguka wa roketi. Nilipomwambia Mutegi aing'oe hiyo mimea aichome, alinicheka usoni.

"Una wivu, Profesa. Umeangalia juu miaka yote, halafu kitu kikaja kuangukia kwangu."

Siku chache baadaye Lennox alianguka kwenye stendi ya bodaboda.

Nilimkuta hospitalini anatokwa na jasho na mate, anatapika, kifua kinakoroma. Daktari, mama mmoja anayeitwa Kinya, alimfunua jicho, akaniuliza amekula nini.

"Mafuta ya roketi," nikasema.

Alinitazama kama anayetafuta kitanda cha pili.

"Mzee, hii inafanana na dawa ya shambani."

"Si dawa ya shamba. Mimi nafuatilia haya mambo. Kuna tangi limeanguka kwetu, watu wote wameliona. Tafuta dawa ya mafuta ya roketi."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilimwonyesha hata video kwenye simu. Akasita, akaishika simu, akaanza kuitazama. Na mwanangu anaendelea kukoroma.

Ndipo Ruguru, mke wa Mutegi, akaingia mbio na kiondo chake. Hakunisalimia. Akatoa chupa tupu na kumpa daktari.

"Ni hii. Dawa ya wadudu. Mume wangu anaipiga shambani asubuhi, anachuma jioni."

Daktari akasoma lebo, akarudisha simu yangu mkononi mwangu na kumwita muuguzi. Sindano ikaingia.

"Na tangi?" nikamuuliza Ruguru.

"Tangi gani, Baba Lennox? Kile chuma alikitoa kwa wauza skrapu, akakichoma kwa tairi. Wateja walikuwa wanakataa muguka kwa sababu ya harufu ya dawa. Akasema, 'Ndugu yangu kila siku ni roketi, roketi. Nitamwita, ataieleza harufu vizuri kuliko mimi.'"

Nilikaa kwenye sakafu.

Kutwa nzima mikono yangu iko kwenye vyuma. Hicho kimoja sikukigusa hata kwa kidole, kwa sababu nilikuwa nimeshajua ni nini.

Lennox aliamka. Mutegi alikuja kumwona na ndizi za kuiva, anatabasamu kama mtu wa msiba wa mbali.

"Utanilaumu bure," akasema. "Roketi uliitaja wewe. Mimi nilirudia tu."

Na kweli, wa kwanza kuitaja nilikuwa mimi. Hicho ndicho kinachonichefua hadi leo, kuliko yale mate ya kijani. Nilimrudishia ndizi zake nikamwambia atoke.

Nikarudi Gachoka kuwaambia vijana ukweli. Wakaniuliza, huku wanatafuna, kama siku hizi Profesa analipwa kuficha mambo ya anga.

Bado naangalia roketi. Lakini wewe unayesoma hapa, chukua hili: mtu akijua unachokipenda, atakifanya pazia na kukusimamisha mbele yake ulishike. Kitu kikinuka shambani, kabla hujatazama juu, uliza nani amepita hapo na pampu ya dawa mgongoni.