Koki Niliyoambiwa Niifunge

Petroli iliyochanganywa na oili, ikiungua, hutoa moshi wa buluu wenye harufu tamu na nzito, inayong'ang'ania kwenye nguo hata baada ya kufuliwa mara mbili. Kwa wengine hiyo ni harufu ya msumeno wa kukatia miti. Kwangu ni harufu ya ukingo wa Mto Mara, upande wa Gorong'a, katika masika yale nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mto ulipofura ukafunika kivuko chetu cha mawe na kututenga na ndugu zetu wa Serengeti. Mama yangu alizaliwa ng'ambo, Nyansurura. Daraja lililokuwepo lilikuwa mbali sana, na barabara ya kulifikia ilikuwa imekatwa na maji. Mchuuzi wa ng'ombe aliyezunguka siku nne alituletea habari kwamba bibi, mama yake mama, hali chakula tena, na kwamba kila jioni anauliza kama binti yake amefika. Kuanzia siku hiyo mashua ya injini ambayo baba alikuwa akiiunda haikuwa tena mchezo wa mafundi.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka. Mwenzake katika kazi ya mashua alikuwa Chacha, mchomeleaji wa vyuma. Hawakuwa ndugu wa damu, ila walitahiriwa msimu mmoja, wakawa watu wa saro moja, yaani rika moja. Asiyejua Ukurya hudhani rika ni urafiki wa kawaida. La. Watu wa saro moja hawanyimani, hawatoi ushahidi mmoja dhidi ya mwingine, na aibu ya mmoja mbele ya watu ni aibu ya wote. Watoto wa mmoja ni watoto wa mwingine. Ndiyo maana nilimwita Chacha “tata”, neno lile lile la Kikurya nililomwitia baba yangu mzazi, nami nilimaanisha nilichokisema.

Injini yenyewe ilitoka upande wa Kenya ikapitia Sirari, imefungwa kwenye magunia kama maiti. Ilikuwa ya pikipiki ya majini, chombo ambacho matajiri hukikalia wakicheza ziwani. Chombo kama hicho hakina propela ya nje. Kina pampu inayovuta maji kwa chini na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Pampu hiyo ilikuwa imepasuka, ndipo baba akaamua kuitupa na kuifunga injini katika mashua ya mbao aliyoiunda mwenyewe. Shafti aliitoa kwenye gari bovu. Propela Chacha aliikata kutoka katika sahani ya jembe la trekta, mapanga matatu, akayachomelea mpaka uso wake ukawa mwekundu. Mara ya kwanza mapanga yalikuwa mapana mno, injini ikakoroma na kuzimika. Wakayapunguza. Wakayapunguza tena. Kuilinganisha injini na shafti kuliwachukua wiki nzima, kwa kuwa kosa dogo kama unene wa ukucha lilitosha kuitetemesha mashua yote. Wanawake waliokuja kuteka maji hawakuacha kuwatania.

“Baba Mwita, hiyo ni mashua au ni kinu?” aliuliza mmoja.

“Ni mashua, shemeji. Utakuwa abiria wa kwanza.”

“Mimi? Mpakie kwanza kiboko. Akirudi mzima, niite.”

Kicheko kilikuwa kingi, lakini baba alikuwa akiwaza jambo ambalo wacheshi hawakulijua. Injini ile haikuwa na rejeta. Ilipozwa kwa maji yaliyosukumwa na pampu ileile aliyoitupa. Bila maji, alinieleza, itajichoma yenyewe katika dakika chache. Hivyo alitoboa sakafu ya mashua karibu na propela, akapitisha bomba dogo la shaba lililoelekea mbele, ili mwendo wa mashua uyalazimishe maji kupanda mpaka kwenye injini na kutokea ubavuni. Kwa kuwa mto ulijaa tope, aliweka koki kwenye bomba hilo. Mashua ikilala, koki ifungwe, tope lisipande. Kabla ya kuwasha, ifunguliwe. Kazi ya koki alinipa mimi. Nilikuwa pia naweka kiganja chini ya tundu la ubavuni, niseme kama maji yanatoka na yana joto gani. Sijawahi kupewa cheo kilichonitukuza kuliko hicho, ingawa baadaye nimepewa vyeo kadhaa vyenye mihuri.

Jumamosi moja mashua ilikimbia. Ilipanda mto dhidi ya mkondo, pua juu, ikageuka, ikarudi. “Tata, maji yanatoka,” nilisema, na baba akacheka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Iliamuliwa kwamba Jumatatu asubuhi mama avushwe. Baba alipoivuta mashua matopeni aliniambia, “Mwita, funga koki.” Nikaifunga. Kisha akaenda Tarime mjini kutafuta oili, akalala huko.

Jumapili, nilipotoka kanisani, niliteremka mtoni kuitazama mashua tu, kama mtu anavyoitazama ndama wake. Nilimkuta Chacha amekaa ukingoni na wageni wawili wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Miguu yao ilikuwa na tope hadi magotini. Injini ilikuwa ikitoa mvuke, na rangi yake imebabuka.

“Hii kitu yenu imekufa tu hivyo,” alisema mgeni mmoja, akicheka. “Na vile ulikuwa unaisifu.”

Chacha hakucheka. Alinigeukia. “Koki ilikuwa imefungwa,” alisema.

“Ndiyo, tata. Huwa tunaifunga ikilala.”

“Mbona hamkuniambia?”

Alikuwapo siku bomba lilipowekwa. Yeye ndiye aliyelichomelea.

Baba aliporudi jioni nilimsimulia kila kitu. Alikwenda mtoni, akaigusa injini, akajaribu kuizungusha kwa mkono. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania ndani ya silinda. Kisha akaenda nyumbani kwa Chacha na kukaa huko mpaka chakula chetu kikapoa. Aliporudi hakuniangalia.

Jumatatu asubuhi wazee wa ukoo walikuwa ukingoni, majirani pia, na mama amesimama na mzigo wake kichwani, amevaa viatu vyake vya kanisani. Mzee mmoja aliuliza kilichotokea. Baba yangu, mtu aliyenifundisha kwamba boliti hukazwa kwa ukweli wa mkono na si kwa nguvu, alisema hivi: “Chacha alikuwa akiijaribu kwa idhini yangu. Nilimwagiza mtoto aiache koki wazi. Akaifunga.”

Nilifungua mdomo. Baba akanitazama, nami nikaufunga. Mzee akatikisa kichwa. “Umemzuia mama yako asimwone mama yake,” aliniambia, bila ukali, na kutokuwa na ukali huko ndiko kulikouma zaidi. Baba akachuma fimbo. Ni Chacha aliyeinuka na kumshika mkono. “Mwache, ndugu yangu,” alisema. “Ni mtoto tu.” Watu wakamsifu kwa huruma yake.

Bibi alifariki siku tatu baadaye. Mama alifika baada ya mazishi, akiwa amezunguka kwa miguu. Aliporudi alinipikia, akaniogesha, hakusema neno, nami niliusoma ukimya ule kama hukumu. Tunafundishwa kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwetu tembo hawakupigana. Walipatana, na nyasi ziliumia vilevile. Tunaambiwa pia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nimeipima. Ilinifuata shuleni, ambako niliitwa Koki hadi darasa la saba. Ilinifuata kwenye harusi za binamu zangu wa Nyansurura. Uaminifu kwa rika ni jambo zuri. Uaminifu unaolipiwa na asiyekuwamo katika agano ni njama, hata ukibarikiwa na wazee. Baba aliaga dunia bila kunitamkia lolote. Msibani Chacha alisimama na kusema kwamba amempoteza mtu ambaye hakuwahi kumwaibisha. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Alipopita nilimpa shikamoo, kwa kuwa adabu haisubiri haki.

Mwaka huu nilimpeleka mama kulizuru kaburi la bibi. Daraja la zege limejengwa sasa, na vijana hulivuka kwa bodaboda wakizungumza na simu. Wengi wao hawangeweza kukutajia saro ya baba zao, na nikiri kwamba mimi, ninayelalamikia maadili yanayomomonyoka, sikuhuzunika nilipolifikiria hilo. Tulipofika mwanzo wa daraja nilimwambia mama kile ambacho sikuwahi kukisema: kwamba niliifunga koki kwa sababu niliagizwa.

“Najua,” alisema. “Chacha alikuja kwangu wiki ile niliyorudi kutoka kwenye msiba wa bibi yako. Alipiga magoti jikoni akaungama yote. Nilimsamehe.”

“Na mimi, mama? Kwa nini hamkuniambia?”

Alitazama maji. “Ningesema, baba yako angekuwa mwongo mbele ya watu. Wewe ulikuwa mtoto. Nilidhani mtoto husahau.”

Kufikia hapo tulikuwa tumeshavuka. Mto uliotushinda masika yale huvukwa leo kabla mtu hajamaliza sentensi moja. Sentensi yenyewe ilichukua miaka thelathini na minne kunifikia.