Udhaifu wa Kuli Wangu

Nimeshajicheka vya kutosha, sasa zamu yenu.

Kila Jumapili, duka la vifungo la Salim hapa Kariakoo likifungwa, tunakaa wanne kucheza mchezo wa hadithi: kila mtu ana shujaa wake, dadu zinaamua yatakayomkuta. Mimi nilijitungia shujaa wa aina mpya, Kuli. Jumapili iliyopita akabeba zimwi zima mgongoni kama robota la mitumba, akalitupa Mto Msimbazi. Wenzangu wakanuna.

"Kaka, huyo kazidi," akasema Salim, msimamizi wa mchezo. "Mpe udhaifu, la sivyo hachezi."

Udhaifu nikauandika nyumbani, mawazo yote kwa Rehema, anayemcheza Mganga. Alikuwa anahamia Kigamboni, ng'ambo ya bahari, na mimi nilishaanza kukiona kiti chake kitupu.

Jumapili hii Salim akachukua daftari langu, akasoma kwa sauti: "Kuli akiwa mbali na Rehema, nguvu zote humwishia."

Wallahi nilikusudia kuandika Mganga!

"Kalamu imeteleza," nikasema.

Rehema akaweka dadu mezani taratibu.

"Mbali kiasi gani?" akaniuliza. "Kigamboni nako kunahesabika?"