Glavu za Golikipa

Juzi nilishuka Rodi Kopany kununua viazi vitamu, nikasikia mtoto akipiga kelele uwanjani: "Yangu!" Rafiki yangu, gunia liliniponyoka. Viazi vikatawanyika barabarani, mama muuzaji akanicheka mpaka akakaa chini. Angejua nilichosikia, asingecheka.

Uwanja ule ndio ulionilea. Kocha wetu alikuwa dada mmoja aliyetoka ng'ambo kuja kujitolea, mrefu kiasi kwamba ndege walimkwepa. Alikuja na mipira, filimbi na jozi moja tu ya glavu za golikipa, rangi ya chungwa. Jumamosi asubuhi tulianza kwa kuzoa mavi ya ng'ombe waliolala uwanjani, yeye mbele na sepetu yake, kisha tukacheza mpaka matumbo yakaomba msaada. Hapo ndipo tulipovamia nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyopikwa na nyanya yake golikipa wetu. Dani, ndivyo tulivyomwita sote. Sufuria yake, naapa, ingelisha jeshi na ibakishe kiporo. Harufu ya moshi wa kuni zake ilikaa kwenye jezi zetu wiki nzima.

Golikipa mwenyewe alikuwa mpole, wa kuongea na vidole vya miguu. Kocha akamfundisha kuuita mpira. "Kipa hapana piga kelele, yeye nguzo ya tatu!" alikuwa akisema. Siku ya kwanza kijana alinong'ona. Mwezi haujaisha, akiita "Yangu!" ng'ombe wa Kehancha huko waliinua vichwa. Zile glavu alilala nazo. Sisi wengine hatukuruhusiwa hata kuzinusa.

Likizo ya Agosti akaenda kwa mjomba wake kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Osiri. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Kocha glavu.

"Usimpe mtu, Kocha. Nitarudi."

"Mimi hapana pea mtu," Kocha akajibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika-vunjika. Tulicheka sana siku hiyo.

Mvua ikanyesha, shimo likajifunga naye ndani. Wanaume walichimba mpaka ardhi yenyewe ikaanza kuwatishia, wakaacha. Hakupatikana.

Kocha hakukubali. Alizitundika glavu kwenye nguzo ya goli, na goli akaliacha wazi. Aliyejaribu kusimama pale alipigiwa filimbi mpaka akatoka. Timu za jirani zilikuja zikatufunga mabao kama mvua ya mawe.

"Kipa wenu leo ni nani, upepo?" walitudhihaki.

Mimi, nisiyeweza kunyamaza hata kanisani, nilinyamaza. Kwa sababu jioni, upepo ukipanda kutoka ziwani, zile glavu zilikuwa zikifumba na kufumbua vidole.

Siku moja Dani alikuja katikati ya mazoezi. Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, ukoo huzika yago mahali pake, lile tunda refu, zito, la kuning'inia, ili naye apate pa kulala. Tunda lilikuwa limeshakatwa, sanduku limeshapigwa misumari ya chini. Dani akasimama kando ya nguzo.

"Binti yangu, nimefuata hizo."

"Dani, yeye alisema mimi hapana pea mtu. Yeye atarudi."

"Alisema usimpe mtu. Basi mpe mwenyewe."

Kocha akakaa chini, hapo hapo kwenye mstari wa goli, miguu yake mirefu ameikunja kama mtoto. Tulimwacha alie. Kisha akainuka, akazitungua.

Mazishini ndiye aliyelivisha lile tunda, glavu moja huku, nyingine kule, akikaza mikanda ya vifundo vya mikono taratibu, kama alivyomkazia kijana kila mechi. Lilionekana kama mtu aliyelala amekumbatia mpira.

Jumamosi iliyofuata akaninyooshea kidole mimi. Nikasimama golini mikono mitupu. Mpira ukaja juu, nikafumbua mdomo: "Yangu!" Na nyuma yangu, ambako hapakuwa na mtu wala wavu, kukaitwa pamoja nami. Mimi nimehitimu shule ya jioni nikiwa na ndevu zangu, cheti kiko ukutani, habari za mizimu huwa nazicheka. Lakini nilipogeuka kumtazama Kocha, filimbi ilikuwa imemdondoka mdomoni.

Kocha alirudi kwao. Dani naye ametutoka, na sufuria yake sijui inapikia nani. Nusu ya uwanja sasa ni maduka. Juzi hiyo niliviacha viazi barabarani nikamfuata yule mtoto golini. Hakuwa na glavu.

"Nani amekufundisha kuita hivyo?"

"Hakuna. Hapa kipa lazima aite."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mtu asiyejua kitu chochote duniani.

"Usipoita wewe, anaita mwenyewe."