Mkato Aulizwa Habari za Mvua

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mpiga pasi mmoja aliitwa Mkato, kwa kuwa majibu yake hayakuzidi neno moja. Alitaka kusomea uuguzi, na mtihani wa kuzungumza Kiingereza ulishamwangusha.

"Wifi, ukijibu usifunge mlango," mke wa kaka yake alimwambia. "Sema kwa nini, toa mfano, kisha eleza zamani ilikuwaje."

Siku ya mtihani, mtahini alimuuliza kama anapenda mvua. Mkato akasema ndiyo, akaukumbuka ule mlango. Kisha akaongeza kwamba humletea usingizi. Akataja bati la chumba chao, akarudi zamani, mama yake akianua nguo huku anacheka, maji yakimtiririka shingoni. Maneno yalipanda polepole kama mvuke wa pasi, mengine yamepinda, na chumba kikawa kama kinanukia udongo uliolowa. Tangu msiba wa mama yake, hakuwahi kumzungumzia, hata kwa Kiswahili.

"Asante, muda umekwisha," mtahini alisema kwa upole.

Baadaye ilijulikana amefaulu. Lakini jioni ile, kabla ya matokeo, alivuta kiti jikoni, akamsimulia wifi yake jinsi mama alivyokuwa, mpaka chai ikapoa.