Kura Moja ya Mama

Kanisa letu ni la kiroho. Tunavaa kanzu nyeupe, tunavua viatu mlangoni, na jambo likitushinda tunangoja Roho amshukie Mama, yule mzee wetu Mrundi aliyeanzisha maombi sebuleni kwake, huku Uswidi, mtaa wa Hjulsta. Akishasema, tumemaliza. Mimi ni katibu, kwa sababu tu mimi ndiye niliyekuwa na subira ya kusoma Kiswidi cha serikali.

Mwenye ukumbi tunaokodi kusalia, kule Hagsätra, alipotuambia kwamba sasa atakodisha kwa dhehebu lililosajiliwa tu, tuliketi tukaandika katiba. Palipotakiwa kutaja mwenye uamuzi wa mwisho tukaandika: Roho Mtakatifu. Tuliona tumepatia kabisa. Ofisi ya usajili ikaturudishia, kwa adabu sana, ikiuliza uamuzi huo utajulikanaje na nani atauwajibikia. Nilikasirika, halafu nikaogopa. Sikuona jibu jingine ila halmashauri ya kupiga kura, na Mama awe na kura moja kama mimi. Akisusa, kanisa lingebaki na nani?

Jumamosi nikamsomea kipengele hicho mbele ya wote, macho nimeyakaza kwenye karatasi.

"Mwanangu," akasema, "nikikosea, mutaweza kunikatalia?"

"Ndiyo, Mama. Kwa kura."

Akajifuta uso kwa upindo wa kanzu. "Miaka yote hii munanitii hata sijamaliza kusema. Saa zingine ni Roho. Saa zingine sijui kama ni Roho ama ni mimi tu, nimechoka na kazi. Na nilikuwa naogopa kuwaambia sijui."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu yake, kumbe mwenzangu alikuwa akiomba atuliwe mzigo.

Tukaanza papo hapo. Mama akapendekeza tufunge siku tatu. Mikono ikanyooshwa, akashindwa. Wangu ulikuwa kati ya iliyompinga. Akaitazama yote, mmoja mmoja.

"Basi tule," akasema, akaenda kufunua sufuria.

Usajili ulikuja baadaye, na ukumbi tunao mpaka leo. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni safari ya kurudi jioni ile. Mama alilala begani kwangu kabla treni haijaondoka. Tulipofika kituo chake cha kubadilisha treni kwenda Hjulsta, sikumwamsha.